Baba anasikia muziki, mama anasikia makelele

Simu ya mama iliingia saa nne na nusu usiku, muda ambao kwetu simu ikilia watu hukaa kitako kwanza ndipo waipokee.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, wewe si ndiye unaandika mambo ya afya gazetini? Baba yako simwelewi. Kila usiku anasikiliza makelele kwenye simu, anatikisa kichwa, anahesabu vidole. Nauliza, nimpeleke hospitali au nimwache?"

Nilitaka kucheka. Sikucheka, kwa sababu sauti yake haikuwa ya utani.

Baba ana miaka 67. Alifanya kazi karakana ya reli mpaka akastaafu, na ujana wake aliumalizia kwenye kumbi za dansi Tabora. Kwake neno "jazi" maana yake ni Tabora Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe: magitaa, tarumbeta, watu wanacheza mpaka mashati yanalowa. Mwaka jana wanawe tulichanga tukamnunulia simu janja, na kazi ya kwanza aliyoipa simu hiyo ni kumtafutia nyimbo hizo. Usiku mmoja katika kupekuapekua, ikamletea albamu yenye jina la Kiswahili kabisa: Mwandishi. Akadhani ni bendi ya hapahapa. Akabonyeza.

Haikuwa ya hapahapa. Ni albamu ya Mmarekani Herbie Hancock, mpiga piano aliyezaliwa Chicago mwaka 1940, iliyotoka mwaka 1971. Wakati huo baadhi ya Wamarekani weusi walikuwa wakijifunza Kiswahili na kujipa majina ya Kiswahili ili kurudisha uhusiano wao na Afrika. Mpiga ngoma kijana, James Mtume, ndiye aliyewagawia wanamuziki hao majina. Hancock akawa Mwandishi. Buster Williams wa besi akawa Mchezaji. Billy Hart wa ngoma, Jabali. Bennie Maupin, anayepuliza saksafoni na klarineti ya besi, akaitwa Mwile, ambalo baba anasisitiza kwamba walikusudia "mwili" wakakosea. Julian Priester wa tromboni akaitwa Pepo Mtoto. Na Eddie Henderson wa tarumbeta akaitwa Mganga, jina lililomfaa, kwa kuwa alikuwa daktari kweli, mhitimu wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Howard.

Mama alipoyasikia majina hayo hali ikawa mbaya zaidi. "Nyumba ya watu wanaosali, usiku kucha inapigiwa muziki na mganga na pepo!"

Kabla ya muziki, afya

Mama hakuwa anauliza swali la kijinga. Mzee akibadilika ghafla tabia au mapendeleo, familia ina haki ya kujiuliza. Mwaka 2000 madaktari wa Italia waliandika katika jarida la kitabibu la Neurology kuhusu wagonjwa wawili waliokuwa na ugonjwa unaoharibu sehemu ya mbele na ya pembeni ya ubongo. Baada ya kuugua, wote wawili walianza kupenda muziki wa pop, ambao kabla ya hapo hawakuwa na habari nao.

Lakini muziki peke yake haumfanyi mtu mgonjwa. Nilimuuliza mama maswali ambayo daktari angeanza nayo. Anasahau majina ya wajukuu? Anapotea njia aliyoizoea? Anawatukana majirani, kitu ambacho hakuwa nacho? Anatapanya pesa?

"Pesa? Baba yako? Ananidai chenji ya nyanya."

Analala? Analala, ila anachelewa. Anasikia vizuri akiitwa? Anasikia, akitaka. Basi nikamwambia asubiri Jumamosi, nitakuja mwenyewe. Kama mzee wako ana hata moja kati ya hizo dalili za mwanzo, usisubiri Jumamosi. Mpeleke kituo cha afya, na ueleze lini mabadiliko yalianza.

Hesabu ya kumi na tano

Jumamosi nilimkuta baba barazani. Hakunisalimia sana, alinipa spika moja ya sikioni, nyingine akabaki nayo. "Kaa. Hesabu."

Wimbo wa kwanza wa albamu hiyo unaitwa Ostinato. Besi inapiga mstari mmoja, inaurudia, inaurudia. Nilianza kutikisa mguu kama ninavyotikisa kwa wimbo wowote, na kila mara mguu wangu ukafika ardhini mapema au umechelewa. Ni kama kushuka ngazi gizani ukadhani imebaki moja, kumbe zimekwisha.

"Unahesabu nne nne," baba akasema. "Nami nilihesabu hivyo wiki nzima. Ni nne, nne, nne, halafu tatu. Kumi na tano. Ile ya mwisho wameikata."

Akaniambia mara ya kwanza aliuchukia kama mama anavyouchukia. Aliendelea kwa sababu ya majina tu: alitaka kujua watu wanaojiita Mchezaji na Jabali wanafanya nini. Karakana alizoea kusikiliza injini yenye hitilafu, na alijua kitu kinachogonga vibaya kwa utaratibu kina sababu. Usiku wa nane au wa tisa hesabu ikamfungukia. "Tangu hapo sisikii makelele. Nasikia watu sita wanafanya kazi."

Hapo ndipo nilipoelewa vidole alivyokuwa anahesabu baba.

Kumbe ugomvi wa wazazi wangu unaelezeka. Ubongo hausikilizi muziki ukiwa umekaa tu. Muda wote unakisia kitakachofuata, kisha unalinganisha na kilichokuja. Fikiria sebene: mwimbaji anamaliza, gitaa linageuka, na kabla halijakolea mabega yako tayari yameanza kusogea. Mwaka 2011 Valorie Salimpoor na wenzake wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walipiga picha za ubongo za watu waliokuwa wakisikiliza nyimbo wanazozipenda. Waliona kemikali ya dopamini, ile inayohusika na hamu na raha, ikitoka hata kabla ya sehemu tamu kufika. Kungojea nako ni raha.

Sasa mpe mtu muziki asioweza kuukisia. Hana cha kungojea. Kila sauti inamjia kama mgeni asiyebisha hodi, na ubongo unachoka. Mwaka 2019 watafiti wa Leipzig, Ujerumani, walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba watu hufurahia mfuatano wa sauti katika hali mbili: walipokuwa na uhakika kisha wakashangazwa, au walipokuwa hawana uhakika kisha ikaja sauti waliyoitarajia. Ukiwa huna uhakika halafu unashangazwa tena na tena, raha hushuka. Hiyo ndiyo hali ya mama. Baba, baada ya siku tisa, amejipatia uhakika wa kutosha kiasi kwamba sasa akishangazwa, anafurahi. Wimbo ni uleule. Aliyehama ni msikilizaji.

Na uhakika huo hatuzaliwi nao wote. Kuna kundi la watu wa msitu wa Amazon nchini Bolivia, Watsimane. Mwaka 2016 Josh McDermott na wenzake waliripoti kwamba Watsimane waliopewa sauti zinazopatana na sauti zinazogongana, zile ambazo masikio mengi mjini huziona mbaya, walizipenda sawasawa. Kwa hiyo mtu akisema sauti fulani "inaumiza sikio", mara nyingi anazungumza kuhusu malezi ya sikio lake.

Wenye watoto wadogo, hii ni yenu. Mwaka 2005 Erin Hannon na Sandra Trehub walichapisha majaribio waliyofanya kwa watoto wa Amerika Kaskazini na midundo ya eneo la Balkani, Ulaya, ambayo ina hesabu za kukatika kama ile ya baba. Watoto wa miezi 6 waliweza kutambua mdundo ulipoharibiwa, iwe ni mdundo wa kwao au wa Balkani. Wa miezi 12 walikuwa tayari wamekuwa kama watu wazima: wa kwao wanautambua, wa kigeni hawautambui. Lakini waliposikilizishwa muziki wa Balkani nyumbani kwa muda mfupi, uwezo ukawarudia. Watu wazima waliofanyiwa hivyohivyo hawakufaidika kama wao. Mlango unafungwa mapema, lakini kwa mtoto wa mwaka mmoja bado haujatiwa kitasa.

Tafadhali, sisemi umpigie mtoto jazi ngumu awe na akili. Ile habari ya muziki wa Mozart kuongeza akili za watoto wachanga ilitokana na utafiti wa mwaka 1993 uliofanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu, na faida iliyoonekana ilidumu dakika chache tu. Waliouza kanda na diski kwa wazazi hawakutaja hayo kwa sauti kubwa.

Hata wajuzi waligawanyika

Mama asijione peke yake. Desemba 1960 mpiga saksafoni Ornette Coleman alirekodi New York albamu iitwayo Free Jazz. Alichukua vikundi viwili vya watu wanne wanne, akaviweka vipige kwa pamoja, kimoja spika ya kushoto, kingine ya kulia, kwa takriban dakika 37. (Ukitaka kujaribu, vaa spika zote mbili za masikioni, kisha toa moja. Utashangaa vurugu inavyopungua.) Mwanzoni mwa 1962 jarida la DownBeat, ambalo wapenzi wa jazi walilisoma kama mwongozo, liliwapa wahakiki wawili albamu hiyohiyo. Pete Welding akaipa nyota tano, alama ya juu kabisa. John Tynan hakuipa hata nyota moja. Wote wawili kazi yao ilikuwa kusikiliza jazi.

Huyo Tynan ndiye aliyemwandika John Coltrane mwaka 1961 kwamba alichokuwa akipiga na Eric Dolphy ni kinyume cha jazi. Coltrane hakurudi nyuma. Mwaka 1965 alirekodi Ascension, watu kumi na mmoja pamoja naye, kama dakika 40 za mfululizo. Katika miezi iliyofuata wenzake wa miaka mingi, McCoy Tyner wa piano na Elvin Jones wa ngoma, waliondoka kwenye bendi. Mimi mwenyewe, niseme ukweli, Ascension sijaimaliza. Nimejaribu mara tatu, mara zote kwenye daladala, na huenda daladala si mahali pake.

Sehemu ya ugomvi huu ni neno lenyewe. Mtu akikuambia "jazi", unategemea nini? Miaka ya 1930 Marekani jazi ilikuwa muziki wa kucheza. Kisha mwaka 1944 serikali yao iliweka kodi ya asilimia 30 kwa kumbi zenye dansi au uimbaji. Ilipunguzwa baadaye hadi 20, lakini ukumbi wenye vyombo tu na watu waliokaa kwenye viti haukulipa. Kodi haikuwa sababu pekee. Ilikuwapo vita, na walikuwapo kina Charlie Parker na Dizzy Gillespie waliotaka kupiga haraka na kwa ufundi zaidi. Lakini kodi iliwasukuma watu wakae chini. Na mtu aliyekaa chini unaweza kumpigia hesabu ya kumi na tano, hatajikwaa.

Kwetu neno lilifika likiwa na dansi ndani yake, likabaki hivyo. Hakuna aliyekwenda kwa Morogoro Jazz kukaa kwenye kiti na kufumba macho. Kwa hiyo mama anaposema "hii si jazi," kwa Kiswahili anachokijua yuko sahihi kabisa.

Hancock mwenyewe aliuona mgawanyiko huo mfukoni. Walioipenda bendi ya Mwandishi waliipenda kama dini. Wengine waliokuja kusikia nyimbo zake laini za miaka ya 1960 walitoka wamekunja uso. Baada ya albamu tatu na bendi hiyo, fedha zikawa shida, naye akaivunja mwaka 1973. Mwaka huohuo akatoa Head Hunters, yenye mdundo wa kuchezeka, ikawa miongoni mwa albamu za jazi zilizouzwa sana kuliko zote. Baba anaijua. Anasema ni nzuri, "lakini hiyo haikuhitaji mimi nifanye kazi."

Kauli hiyo niliiona ina majivuno kidogo, nikamwambia. Wapenzi wa muziki mgumu wana tatizo lao: jasho likishawatoka, wanawatazama wengine kama wavivu. Baba alianza kumwita mama "mtu wa nne nne". Mama hakupenda, na hana sababu ya kupenda. Mwanamke aliyeimba sauti ya pili kwaya kwa miaka 30 si mvivu wa masikio. Anasikia nusu noti ikipotea watu 40 wakiimba. Sikio lake limefunzwa kutaka sauti zipatane, na ndiyo maana zinapogongana yeye huumia zaidi ya jirani asiyejali.

Baba, mwana na ngoma

Kuna kisa cha familia nyingine ninachokipenda. Ornette Coleman alimzaa mtoto wa kiume, Denardo, na mshairi Jayne Cortez. Mwaka 1966 Coleman alirekodi albamu The Empty Foxhole. Mpiga ngoma alikuwa Denardo, mwenye miaka 10. Kampuni ilikuwa Blue Note, studio ya kweli, na besi ilishikwa na Charlie Haden, mmoja wa mabingwa wa ala hiyo.

Wanamuziki wengine waliona ni dharau kwa wapiga ngoma waliosota miaka mingi. Coleman aliona tofauti: mtoto bado hajaambiwa ngoma "inapaswa" kupigwaje, kwa hiyo anampa kile ambacho watu wazima wamekwisha kukisahau. Nimeisikiliza. Kuna sehemu Denardo ni mtoto tu anayegonga, na kuna sehemu nilisahau umri wake. Alikua, akaendelea kupiga na baba yake kwa miongo mingi na kusimamia kazi zake, hadi Coleman alipofariki mwaka 2015. Mzazi anaweza kubishana upande wowote kuhusu kisa hiki. Mimi nabaki kufikiria kwamba yupo baba aliyemwambia mtoto wa miaka 10, mbele ya watu wazima, kwamba sauti yake inahitajika.

Nyumbani je?

Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba watu huelekea kupenda vitu walivyokutana navyo mara nyingi. Baba aliposikia hilo akafurahi, akataka kumpigia mama kila siku mpaka azoee. Nikamkatalia. Kitu kilichokukera tangu mwanzo, ukilazimishwa kurudia, kero huweza kuongezeka. Baba alizoea kwa sababu alichagua mwenyewe, na kitufe cha kuzima kilikuwa mkononi mwake. Ni hivyohivyo kwa kijana wako na muziki wake wa sasa, na kwako na wake.

Kuna pia watu ambao muziki wowote hauwapi raha, ingawa wanasikia vizuri na wanafurahia mambo mengine. Watafiti wa Barcelona waliwaeleza mwaka 2014. Si wagonjwa, wala hawana roho ngumu.

Mtoto mdogo anayeziba masikio na kulia kila kunapokuwa na muziki wa vurugu, au hata king'ora, au blenda, ni jambo tofauti. Usimwite mdekezwa. Kuna watoto ambao sauti huwaingia kwa nguvu kuliko kawaida, wakiwemo wengi wenye usonji. Mpeleke akaangaliwe masikio, na ueleze ni sauti zipi zinamsumbua.

Na sauti iwe ndogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa muda huohuo. Simu nyingi siku hizi zinaonya ukipandisha sana. Usiibonyeze ile onyo ipotee kama tunavyofanya wote. Baba alikuwa anasikiliza kwa sauti ya juu kabisa, kwa vile besi haisikiki vizuri kwenye spika za masikioni za bei rahisi alizonunua stendi. Nikamnunulia nyingine, akashusha sauti bila kuambiwa. Hilo peke yake lilipunguza nusu ya malalamiko ya mama, maana alichokuwa anakisikia kitandani kilikuwa ni kile kinachovuja pembeni, mlio wa juu tupu kama nyuki kwenye kopo, bila ile besi inayoshikilia kila kitu. Nami ningeita makelele.

Tulikubaliana pia saa: mwisho saa nne usiku.

Jumapili kabla sijaondoka, mama alikuwa anakaanga mandazi, baba akaweka simu dirishani bila spika za masikioni, sauti ya chini. Sikusema kitu. Ilikuwa sehemu ambayo wenzake wamepungua na tarumbeta ya Henderson imebaki inaelea taratibu. Mama aligeuza mandazi, akasikiliza kidogo.

"Huyo ni yupi?"

"Mganga," baba akajibu haraka.

"Huyo hana shida. Mwambie apige peke yake, hao wengine wakapumzike."

Kisha wengine wakaingia, wote kwa pamoja, naye akamwomba baba atoe simu yake dirishani, mafuta yasije yakairukia.